Mwenyeji wa Kampuni ya Kigeni

Kampuni ya kigeni haiji Tanzania ikaanza biashara hivi hivi. Mimi nilikuwa sijui. Nilidhani mtu akiwa na mzigo wake na mtaji wake, anafungua mlango anauza, basi. Kumbe kampuni nayo ni mgeni: inatakiwa ionyeshe imezaliwa wapi, wakubwa wake ni kina nani, hapa itakaa nyumba gani. Na zaidi ya hayo yote imtaje mkazi mmoja wa nchini atakayepokea barua zote za kisheria kwa niaba yake. Kampuni ikiwa na kesi, hati analetewa yeye.

Haya nilielezwa na wakili mmoja wa Morogoro, nimekaa katikati ya wazungu wawili, mume na mke, watu wazima wenye mvi zao. Walikuwa wananunua asali na nta kupitia kwangu. Kazi yangu ilikuwa Mikumi: kupokea ndoo za asali zinazoshuka kutoka Vidunda, kuichuja, kuangalia kama ina maji, na kugombana na wanaochanganya sukari. Hapo kwenye kugombana ndipo nilipojaliwa. Kampuni yao ilikuwa ya hao hao wawili tu, imesajiliwa kwao Denmaki, na sasa walitaka iandikishwe na huku. Ofisi hawana, nyumba hawana. Walikuwa wanalala gesti ya barabarani, malori yakiunguruma hadi asubuhi.

Nikaropoka: "Kilosa kwa mama kuna chumba cha mbele."

Kile chumba alikuwa anashonea baba, Mungu amrehemu. Tangu afariki kilikuwa kimefungwa na ufunguo anao mama. Kina mlango wa barabarani, umeme upo. Wakili akaandika. Na mpokea barua? Nikasema niandikeni mimi. Nilitoka pale najiona mkurugenzi, jamani, na mwenye nyumba hata sijamuuliza.

Jumamosi nikaenda Kilosa. Mama alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko Mikumi hamli?"

Nikamweleza habari ya wageni wangu. "Wanatoka Ulaya, mama."

"Ulaya hii ya njiani?" Kuna kijiji kinaitwa hivyo, kati ya Kilosa na Mikumi, na utani huo mama hauchoki.

"Ulaya yenyewe. Wana kampuni, wanataka kuisajili hapa kwetu, kwenye chumba cha baba. Kutakuwa na kibao kidogo tu nje, jina la kampuni na nchi ilikotoka. Sheria ndiyo inavyotaka. Na mpokea barua zao za kisheria ni mimi."

Ungo ukasimama.

"Kibao cha kampuni ya nje," akasema. "Kwenye nyumba yangu. Kitundike kichwani kwako, mwanangu, hapa hapana."

Nikawaka. Mimi nikiwaka sijui kushusha. Nikasema hakuna anayemnyang'anya nyumba, ni chumba kimoja, tena wanapanga kama mpangaji mwingine yeyote, mbona kila jambo la maendeleo yeye analikataa! Jirani akachungulia dirishani. Mama akaniacha nichemke mpaka nikaisha. Kisha akaweka ungo chini, akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

Kwao ni Rudewa. Nilijua kwamba walihama wakati yeye bado msichana, lakini nilidhani walihama kama watu wanavyohama. Babu alikuwa akilima kwenye shamba la zamani la mkonge. Wenye shamba walikuwa wameshaondoka, mkonge umekufa, pori limeota, hakuna aliyejua wako wapi. Watu wakafyeka, wakalima miaka mingi, wakazika na wafu wao hapo. Siku moja wakaamka wakakuta kibao. Jina la kampuni ya nje, ulimi unakataa kulitamka. Babu akaenda kuuliza, akaambiwa barua ya kuwataka wahame ilishatumwa siku nyingi, na imepokelewa.

"Imepokelewa na nani?" nikauliza.

"Na mtu wa mjini huko, eti anatuwakilisha. Mpaka leo hatujamwona. Sisi barua yetu ilikuwa tingatinga. Mahindi yameshatoa mbelewele, mwanangu. Baba yangu alisimama mbele yake na jembe mkononi, mama yangu anamvuta shati."

Nilimpenda mama yangu saa ile mpaka kifua kikaniuma. Nikaokota ungo, nikaanza kupepeta mimi.

"Basi mama, tuache. Nitawaambia watafute kwingine." Na nilimaanisha, ingawa nilijua wakikosa usajili wanafunga mizigo, na mimi narudi mtaani.

"Nani kasema tuache?" akanijia juu. "Nimesema kibao hapana. Watu sijawaona. Walete."

Nikawaleta. Njia nzima mzee wa kizungu alikuwa anafanya mazoezi ya shikamoo, mkewe anamsahihisha. Kufika, mama kamwita balozi wa nyumba kumi na majirani wawili, kavaa kanga mpya, utadhani kuna posa. Mzee akatoa shikamoo yake, wote wakaitikia. Balozi akawauliza wanatoka wapi, wana watoto wangapi, wanafanya nini hapa, na mimi natafsiri. Tukala wali na samaki. Mke alikaa mkekani na sisi, miguu ikamfa ganzi, hakusema kitu. Nikamwona mama anamtazama, kisha akamsogezea mto.

Mama alikuwa na swali moja tu. "Waulize. Siku wakiamua kuondoka, watakuja kuniaga?"

Nikatafsiri. Wale wawili wakatazamana. Mzee akajibu kwamba watakuja, wote wawili, na watakuja mapema kabla ya mtu mwingine yeyote kuambiwa.

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Akaingia kwanza peke yake, akakaa humo kidogo, tukamsikia anafungua madirisha. Alipotoka akasema cherehani haitoki. Kampuni itakaa nayo.

"Na huyo mpokea barua," akaendelea, "niandikeni mimi."

"Weee mama! Barua zenyewe za Kiingereza."

"Zinapokelewa kwa mkono. Kusoma utakuja kusoma wewe." Halafu akashusha sauti. "Ikija barua ya kumhamisha mtu, yeyote yule, nataka niishike mimi. Safari hii nisiambiwe na tingatinga."

Wakili nilipompigia alicheka, kisha akakiri hakuna kinachozuia: ni mtu mzima, mkazi, kitambulisho cha taifa anacho. Wageni wangu nikawaeleza yote, pamoja na ya Rudewa. Mke akamshika mama mkono, hakuuachia mpaka tunaaga. Jina la mama likaandikwa. Cheti kikatoka, kibao kikatundikwa, na balozi akaja kukisoma kwa sauti, akikosea kila neno.

Miezi ikapita kimya. Asubuhi moja, niko Mikumi mikono imejaa asali, mama akapiga simu.

"Imekuja barua. Njoo."

"Mama, si umwambie mtoto wa jirani aipige picha anitumie?"

"Njoo."

Nikaacha ndoo zangu nikapanda gari. Nilimkuta amekaa wima kwenye kiti, bahasha ameishika kwa mikono miwili, haijachanwa. Chai yake iko mezani imepoa, hajaigusa. Hata salamu yangu aliiitikia kwa kichwa. Nikaichana. Ilikuwa kutoka kwa msajili wa makampuni, wanakumbusha kwamba kampuni iwasilishe taarifa zake za mwaka. Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole.

"Rudia."

Nikarudia, neno kwa neno, mpaka muhuri na sahihi.

"Hakuna anayehamishwa?"

"Hakuna, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akavuta pumzi ndefu, machozi yakamtiririka wala hakuyafuta. "Haya," akasema, "waandikie waambie nimeipokea."