Yungiyungi la Susu

Nilipokuwa mtoto, maji ya kwetu Kilungu yalikuwa na wenyewe. Yalitoka chini ya jiwe mteremkoni, karibu na nyumba yetu, yakatulia kwenye kidimbwi cha tope, na juu yake yakaelea mayungiyungi ya buluu ambayo hatukuruhusiwa kuyagusa. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alisema ndipo wanapopumzika aimu, wazee wetu waliokufa. Atakayeng'oa maua yao atayafuata maji mpaka yamzike.

Mama alikuwa ameokoka, na hakuokoka nusu. Siku moja yeye na akina mama wa kanisa waliteremka na majembe, wakiimba, kwenda kusafisha kidimbwi. Susu alisimama njiani.

"Mwaitu, tupishe," mama alimwambia, kwa heshima ya mtu anayemwita mamake. "Haya ni mambo ya shetani. Tunapanda miti ya maana hapa."

"Ng'oeni basi. Lakini mwenye nyumba akifukuzwa, haachi moto jikoni."

Waliyang'oa yote, wakapanda mikaratusi. Jioni Susu aliokota kiazi kimoja cha yungiyungi, akakifukia kwenye tope ndani ya karai kuukuu nyuma ya ghala. Mama aliliona lile karai, akaliacha palepale. Alimpenda yule mzee.

Mikaratusi ilistawi, kidimbwi kikapungua hadi kikakauka. Ukame ulipokuja tulianza kwenda bondeni kuchimba maji kwenye mchanga wa mto, na shimo likazidi kwenda chini. Asubuhi moja mama aliingia shimoni na kata, mimi nikabaki juu nikipokea.

"Shika vizuri, yasimwagike," aliniambia.

Kisha ukingo ukaporomoka. Nilipiga mayowe, watu wakaja wakachimba kwa mikono, na walipomfikia alikuwa amekufa.

Susu hakusema kwamba alituonya. Nilimchukia kwa kunyamaza kule. Baba aliikata mikaratusi yote, na mvua iliponyesha Susu akabeba karai lake, ambalo ukame wote alilimwagia maji aliyonawia uso, akalirudisha ua kidimbwini. Mimi nilimsaidia kushindilia tope.

Siku hizi najua mikaratusi hunywa maji, na mchanga huporomoka bila kutumwa na aimu. Kujua huko hakujanifariji. Maji yalirudi polepole, mayungiyungi yakatanda tena, na wageni huyasifu. Mimi nikiinama kuchota huwa nakasirika, si kwa aimu wala kwa kanisa. Nayakasirikia maji yenyewe, kwa kurudi karibu hivi na mlango wa mama wakati yeye hayupo.