Saini Niliyonyimwa

Nakumbuka siku moja niliingia ofisi ya kijiji pale Mazingara nimevaa shati la Idi, mfukoni nina fomu ya kuomba kumiliki bunduki. Nilikuwa kijana, mwanangu, mwenye ekari tatu za mahindi ambazo nyani walizifanya zao. Maombi yalianzia kijijini kabla ya kwenda kata na polisi wilayani. Mwenyekiti, Mzee Mhina, alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu, kwa hiyo nilijua atasaini huku tunapiga soga.

Hakusaini. Alituma mtu amwite mke wangu, Mwanaidi.

"Mwanaidi, mumeo akikasirika huwaje?"

Mke wangu alitazama sakafu, akiyakwepa macho yangu. "Mzee, nikimwona kakunja uso, nawapeleka watoto kwa mama."

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee Mhina akanigeukia. "Na lile panga la shuleni?"

Wiki tatu nyuma, binti yangu Zaina, wa darasa la pili, alirudi mkono umevimba, akasema mwalimu kampiga. Nilikuwa nafyeka majani shambani. Nikaenda shuleni vilevile, panga mkononi. Watoto walikuwa mstarini, wakatawanyika wakilia, mwalimu akajifungia ofisini. Wazee walikuja kuniondoa. Niliomba radhi nusu mdomo, nikarudi shambani.

"Yale yaliisha, mzee," nilisema.

"Kwako yaliisha. Watoto wale wakikukuta njiani bado wanakimbia. Nichukie ukitaka, lakini bunduki huipati kwa mkono wangu."

Nilitoka bila kuaga, na kwa miezi miwili nikamnyima salamu mtu mzima yule. Nikwambie ambalo sijamwambia mtu: nyani walikuwepo kweli, lakini nilitaka pia mwalimu asikie kwamba nina bunduki.

Mzee Mhina hakuninunia. Aliwapanga majirani walinde shamba langu mchana kwa zamu, na zamu ya Jumatano akaichukua mwenyewe, mzee wa umri ule, akigonga debe na kupayuka kuwafukuza nyani mpaka sauti ikamkauka. Bado nilivuna nusu tu. Nyani si mchezo.

Tulikuwa tunapukuchua hayo mahindi machache, mimi na Zaina, aliposema bila kuniangalia, "Baba, mwalimu hakunipiga. Nilianguka kutoka kwenye mpera wa jirani. Niliogopa utanichapa."

Niliweka chini gunzi nililoshika. Mtoto alidanganya kwa kuogopa hasira yangu, na hasira hiyohiyo ikaubeba uongo wake mpaka shuleni. Kwa kuwa nilikuwa na panga tu, mwalimu aliwahi kufunga mlango. Ningekuwa na bunduki, ningemuua mtu asiye na kosa mbele ya wanafunzi wake, na pengine na mtoto wa mtu.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamwomba msamaha, safari hii kwa mdomo mzima, akanisamehe. Kisha nikaenda kwa Mzee Mhina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, chai ipo."

Hakunikumbusha lolote, siku ile wala baadaye. Mpaka leo namwombea dua.

Siku hizi nasikia redioni habari za nchi za mbali, kijana kaingia darasani na bunduki, halafu watu wanabishana kama kumchunguza mnunuzi ni kumwonea. Sheria zao sizijui. Mimi nilichunguzwa, nikaona nimeonewa, na kwa kuonewa kule nimezeeka nje ya jela, na wajukuu zangu wanasoma shule ileile. Alhamdulillahi, namshukuru Mungu na yule mzee, na Mwanaidi aliyesema kweli nikiwa nimemkodolea macho.

Sasa wewe umechaguliwa kuingia serikali ya kijiji, na fomu kama yangu zitakufikia, nyingine kutoka kwa marafiki zako. Usisaini kwa urafiki. Muulize mke wake, na umuulize peke yake, asije akatazama sakafu kama wangu. Waulize majirani. Uliza kama watoto wanamkimbia. Akinuna mvumilie, tena mpelekee msaada wa lile tatizo lililomfanya atake bunduki. Na siku ukiulizwa wewe, jibu bila kununa.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusema hapana kwa mtu unayempenda, na akuzeeshe katika kijiji hiki kikiwa na shule ambayo watoto wake hawajawahi kukimbia isipokuwa wakicheza.