Fundi wa mota isiyosikika

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umekalia malisho ya juu ya Masisi-Centre, na Védaste tayari amewasha moto. Amechuchumaa nyuma ya jiko la mke wake, anaunguza vanishi kuukuu kwenye mota ya kinu ili nyaya za shaba ziachie. Moshi unachoma macho. Majirani wameshazoea, siku hizi hawalalamiki, wanafunga tu madirisha.

Mteja wa kwanza wa siku anaingia uani amebeba mota ndogo ya umeme begani. Anasalimia kwa heshima, kisha anauliza kama Constantin yupo.

Védaste hainui kichwa. Anajibu kwamba Constantin alihama, sasa ni miezi saba. Mteja anasikitika, anauliza atarudi lini, na anapoambiwa aiache mota hapo itazamwe, anakuna kisogo na kusema atangoja kidogo. Anaondoka na mzigo wake begani. Constantin ni fundi wa injini za petroli. Hajawahi kusuka mota ya umeme hata moja maishani mwake.

"Unaona?" anasema Védaste. "Mutu haiko, lakini njo yeye banatafuta. Miye niko hapa, banapita."

Védaste ana miaka arobaini na mitatu, na wivu wake haufichi. Anauzungumzia kama mwingine anavyozungumzia maumivu ya mgongo: unapoanzia, unapozidi, unavyomnyima usingizi. Anayemwonea gere ni huyo Constantin, shemeji yake, kaka wa mke wake Anastasie. Na kilichowagombanisha kipo pale pale uani, kati ya banda la sungura na ukuta wa mbao, kimefunikwa turubai.

Chini ya turubai kuna gari la mbio la zamani, la milango miwili, lisilo na paa, lililoletwa na mzungu wa shamba la kahawa miaka ya sitini. Rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Liko chini kiasi kwamba watoto wa mtaa wanaliita Sabuni. Mzungu alipoondoka liliishia kwenye banda la kutengenezea jibini, na kwa miaka mingi kuku walitagia kwenye kiti cha dereva.

Aliyelinunua ni Papa Honoré, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori yanayopeleka chumvi, sabuni na mabati Walikale. Mshindani wake wa soko alikuwa ameagiza jipu jipya kutoka ng'ambo, na Papa Honoré, ambaye naye ana roho kama watu wengine, alitaka kitu ambacho jipu haliwezi kukishinda: gari la zamani lenye injini mbili, moja ya petroli na moja ya umeme. Alikuwa na sababu ya maana pia. Barabara ya Sake inapofungwa na mapigano, petroli huku huuzwa kwa chupa, na chupa inayofungua wiki kwa dola mbili huimaliza kwa dola tano.

Kazi ikapewa wawili. Constantin, fundi wa malori, alichukua petroli. Védaste, ambaye huku wanamwita bobineur, yaani fundi wa kusuka nyaya za mota, alichukua umeme. Uwanja ulikuwa wa Védaste, kwa sababu ndiye mwenye paneli za jua.

Ufundi wake aliusomea machimboni. Alizaliwa upande wa Nyabiondo kwa wazazi wakulima wa maharage, vita vikamsukuma akiwa kijana mpaka Omate, ndani ya Walikale. Alibeba mchanga, kisha akakaa kando ya mzee mmoja aliyetengeneza pampu za kuvuta maji mashimoni, akamtazama mpaka akajua.

"Kule Omate, pompi ikikufa, shimo inajaa mayi, kazi inasimama," anakumbuka. "Batu bote banasimama pale juu, bananiangalia miye tu. Ilikuwa muzuri sana."

Huku Masisi hakuna anayesimama kumtazama. Mota ya kinu humpa dola arobaini, nayo humla wiki nzima. Mwezi mwema hupata mbili. Mwezi ambao shaba haifiki kutoka Goma, Anastasie hulisha nyumba kwa shamba lake la mihogo.

Mota ya gari aliitoa kwenye mashine ya kunyanyulia mizigo iliyokuwa imeachwa ioze kwenye kiwanda cha chai. Aliifumua yote, akaisuka upya kwa namna yake, ili gari likiteremka mlima mota hiyo hiyo izalishe umeme na kuurudisha kwenye betri. Betri zenyewe ni za mnara wa simu uliokufa. Anastasie alikwangua nyaya kwa wembe jioni baada ya jioni, mpaka vidole vikapasuka. Constantin kwa upande wake alitupa injini ya asili iliyopasuka, akaweka ya teksi iliyogonga mti, na chini akafunga springi za gari la shamba ili Sabuni isilambe tope.

Yeye mwenyewe Védaste anakiri kwamba kazi ya shemeji yake ilikuwa safi. Ndiyo iliyomuuma.

Ilipowashwa mara ya kwanza, injini ya petroli ilinguruma mpaka ng'ombe wakakimbia malisho ya juu. Watu walijaa uani. Constantin akakanyaga mafuta, wakapiga makofi, akakanyaga tena. Kisha akazima, na Védaste akawasha ya kwake. Magurudumu ya nyuma, yaliyokuwa yameinuliwa juu ya mawe, yakazunguka bila sauti. Mama mmoja akauliza mbona imekufa.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuza mota ya umeme Masisi. Kuanzia siku ile gari likawa "gari ya Constantin", likiwa limelala katika uwanja wa Védaste. Debe tupu haliachi kuvuma, alimwambia mke wake kitandani, na Anastasie akamkumbusha kwamba debe hilo ni ndugu yake.

Yote hayo yangevumilika kama Papa Honoré asingetoa ahadi. Alisema ana kiwanja Walikale, njiani kwa malori yake, na atakijenga garaji. Mkubwa wa garaji, chef wake, atakuwa yule atakayeonyesha kwamba gari hili ni kazi ya mkono wake. Watu wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaanza kunawa mikono mbalimbali. Fahali wawili, zizi moja.

Jaribio lilikuwa kupanda mlima wa misheni. Védaste aliomba gari lipande kwa umeme mtupu, na Papa Honoré akakubali. Constantin, mwenye mkono mzuri wa usukani, aliendesha. Védaste alibaki chini.

Hapo inabidi kujua jambo moja la nchi hii ya milima. Madereva huzima injini wakiteremka, kuokoa mafuta. Gari kimya kwenye mteremko ni dereva mwerevu. Gari kimya kwenye mwinuko ni gari lililokufa, na gari lililokufa husukumwa kwanza, maswali baadaye. Ndivyo watu walivyolelewa. Hata mpita njia mwenye suti ya misa huvua koti akasukuma.

Kwa hiyo Sabuni ilipoanza kupanda bila sauti, vijana waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe walitupa miundu na kuikimbilia. Wakaishika nyuma, wakaimba, wakasukuma. Védaste alikimbia akipaza sauti kwamba waache, wao wakadhani anawahimiza. Walifika juu wamelowa jasho. Papa Honoré akawanunulia soda, akasema kwa huruma kwamba mota ya umeme bado ni dhaifu, na akamwomba Constantin awashe ile nyingine. Ilinguruma. Makofi.

"Nilitaka kulia," anasema Védaste. "Bale bavijana habakusukuma kitu. Balikuwa banavutwa na mota yangu. Na Constantin alikuwa ndani, aliisikia na mwili yake. Alinyamaza."

Alidai jaribio la pili. Safari hii padri alitangaza baada ya misa kwamba gari likipita kimya lisiguswe, halijafa. Kanisa lilicheka. Lakini kabla ya misa, Védaste alikuwa ameinama kwenye injini akijifanya anakaza mikanda. Alizichomoa nyaya za plagi na kuziacha zimelala mahali pake, kama zipo.

Gari likapanda. Watu walisimama pande mbili za njia, mikono nyuma, wakisikia kokoto tu chini ya matairi. Lilipofika kwenye kona kali ya mikaratusi, mbele ya macho ya wote, Constantin aligeuza ufunguo. Stata ililia, ikalia tena, injini isishike. Akarudia. Na wakati wote huo akihangaika na ufunguo wake, gari liliendelea kupanda polepole, bila haraka wala msaada wa mtu, mpaka uwanja wa kanisa.

Makofi yalipigwa. Védaste alikuwa nyuma akipanda kwa miguu, na anasema hajawahi kuwa na furaha kama ile tangu Omate. Ilidumu mpaka Papa Honoré alipofungua boneti.

Tajiri huyo si mtu wa kuinua sauti. Alimuuliza Constantin kwa nini aligeuza ufunguo, akajibiwa kwamba aliogopa gari lisije likarudi nyuma. Akamuuliza Védaste nyaya zimetolewa na nani. Védaste akasema ni yeye, kwa sababu alijua shemeji yake angewasha ya kwake njiani. Papa Honoré alifunga boneti taratibu.

"Mwenye alishika ufunguo na mwenye alitoa waya, mbele yangu beko bamoja," alisema. "Garaji nitaifungua siku mutakuja bawili. Akikuja mumoja, namurudisha."

Hawakwenda wawili. Wiki mbili baadaye risasi zilisikika kwenye vilima vya jirani, watu wakakimbilia Sake na magodoro kichwani. Constantin aliendelea mbele mpaka Bweremana, ufukweni, ambako sasa anatengeneza injini za mitumbwi. Védaste na Anastasie walirudi kulipotulia. Gari walilikuta. Jirani aliyebaki aliwasimulia kwamba watu wenye bunduki walilifunua, wakabonyeza hiki na kile, gurudumu la nyuma, lililokuwa limerudishwa juu ya mawe, likazunguka kimya, wakasema hili limekufa, wakalifunika.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Védaste alishukuru, kisha akanuna siku nzima. Hata wezi, alimwambia mke wake, hawakuisikia.

Sasa muda unambana. Papa Honoré ametuma habari kwamba kiangazi kikiisha bila wao kuja, kiwanja cha Walikale atampa mpangaji. Mwezi uliopita Anastasie alikwenda Bweremana kumwona kaka yake. Alikuta wavuvi wamepanga foleni mlangoni, wanamwita Docteur. Constantin alimpokea vizuri, akasema yuko tayari kwa garaji. Lakini kuhusu ile Jumapili, alisema gari lilipanda kwa kasi lililoipata kwenye tambarare kabla ya mlima, si kwa mota.

Védaste alipoletewa maneno hayo hakula jioni hiyo. Hiyo tambarare, anasema, haina hata urefu wa mbuzi kukimbia.

Anastasie amemwambia wazi kwamba amechoka kukaa kati ya wanaume wawili wenye kijiba cha roho. Alipomwambia kwamba yeye mwenyewe aliiona mota ikipanda, na hilo litoshe, mume wake alikataa. "Weye ni bibi yangu," alimjibu. "Ushahidi yako haihesabiwe. Nataka ya ule mwenye alikuwa ndani."

Jumamosi, barabara ikiwa wazi, wataondoka pamoja kwenda Bweremana. Mfuko wa maharage ya shemeji umeshafungwa. Védaste amefanya mazoezi ya atakachosema, na anakisema polepole huku akiokota nyaya za shaba kutoka majivuni. Ataanza yeye. Atakiri kwamba alitoa nyaya, na kwamba alikosa. Kisha atanyamaza, amwachie mwenzake nafasi ya kusema alichokisikia pale kwenye kona.

Na akikisema, nani atakuwa mkubwa wa garaji? Védaste anaifuta shaba kwenye suruali yake, anaitazama kwenye mwanga, na swali hilo halimchukui muda.

"Uchef abebe yeye," anasema. "Aniachie tu ile mulima."