Sabuni Iliyotoka Kibanjani

Enzi zetu pale Kanazi, jamani, kibanja, shamba letu la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, ndicho kilikuwa duka. Vita ilikuwa imeisha na sabuni ikaisha nayo madukani. Kisha ukaja ule ugonjwa uliotajwa kwa kunong'ona. Ukamchukua baba, ukamchukua mama, tukabaki mimi na dada yangu Koku kwa bibi mzaa baba.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo akaja na ushauri: kipande cha kibanja kiuzwe, tupate ada na sabuni.

"Maawe, hawa watoto watafukuzwa shule kwa uchafu," alimwambia bibi.

Bibi aliendelea kumenya ndizi. "Kinachotoka kibanjani hatutakinunua. Na chenyewe hatutakiuza. Baba yao amelala humo."

Tukaishi hivyo. Maganda alianza mbuzi. Aliyoyakataa yalianikwa, yakachomwa, majivu yakachujwa kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi. Maji yake yaliteleza vidoleni kama sabuni kweli. Majani ya mgomba yalifunika ebitoke, ndizi zetu za kupika, jikoni, yakafunga maharage yetu ya shule, yakaishia shinani kuwa mbolea. Nyuzi za mgomba zilisugua sufuria mpaka ukajiona sura. Kwa sura hii yangu, nilikuwa natazama pembeni.

Shuleni walinitania kwamba moshi wa Kanazi umeingia darasani. Hata Koku alikaa mbali nami, utadhani gauni lake lilifuliwa Ulaya. Baba mdogo naye alipita kila jioni kuuliza kama tumesharudishwa.

Siku ya ukaguzi mwalimu aligeuza kola yangu, akashangaa, akauliza bibi ananunua wapi sabuni.

"Tunaimenya, mwalimu."

Nilichapwa kwa ujeuri. Kwa uchafu, sikuchapwa hata siku moja.

Hela ya kahawa, ambayo duka lingeimeza, ikaenda kwenye ada. Nikafika kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kunitoa.

Siku hizi binti yangu husugua kwa stilwaya na kufunika ndizi kwa mfuko wa nailoni. Juzi akaniletea simu: msichana mmoja anafundisha kutunza mazingira, anafunika chungu kwa jani la mgomba.

"Umeona hii, baba? Hawa watu wana akili."

Nikamwambia nimeona. Nikamtuma akajaribu.

Akarudi na jani pana, bichi, lenye umande. Alilikata kwenye migomba iliyozunguka kaburi la bibi, katika kipande kile kile alichotaka kukiuza baba mdogo.