Dokta Anayeongea Kirundi

Toussaint alikuwa akichomelea milango ya chuma pale Songo, mjini Uvira. Mke wake, Libérate, alizaliwa Nyakabere, kwa watu wanaoongea Kirundi. Toussaint ni Mufuliiru, kwa hiyo nyumbani, na mtoto wao Arakaza, waliongea Kiswahili.

Libérate alipoanza kuchoka bila sababu, moyo ukimdunda hata akiwa ameketi, hakutaka tena kushinda kwenye foleni ya hospitali. Dada mmoja wa kanisani alimwonyesha huduma mbili za kumwona daktari kwa simu. Moja ilikuwa ya kuandikiana tu. Nyingine mlionana kwenye kioo cha simu, na kati ya madaktari wake mmoja alisema anaongea Kirundi. Libérate akamchagua huyo, Dokta Térence. Hakumwuliza mumewe kwanza.

Siku ya mazungumzo Toussaint alikuwa uani anapiga dirisha msasa. Akamsikia mke wake anacheka, na si kile kicheko cha kupokea wageni. Akasogea mlangoni. Kwenye simu kulikuwa na mwanaume mwenye miwani, bado kijana. Kirundi kilikwenda mbio, Toussaint akidaka neno moja moja, na neno lililorudi kila mara lilikuwa umutima. Hilo hakuhitaji mtu wa kumfasiria, kwa Kifuliiru pia ni moyo.

Simu ilipokatika akaingia.

"Weye uko unaongea mambo ya moyo na nani?"

"Na dokta, Baba Arakaza. Si moyo ndiyo iko inanisumbua?"

"Na kucheka?"

"Aliniuliza kwetu ni wapi. Kumbe anajua mashamba ya Nyakabere."

Jibu hilo lilimchoma kuliko kicheko. Usiku ule hakula vizuri, na kesho yake alichomelea bawaba za mlango upande usio wake.

Akatafuta huduma nyingine yeye mwenyewe. Alipita picha za wanaume wote bila kusoma, hadi akapata daktari mama, mtu mzima, wa Kiswahili na Kifaransa. "Huyu ni mama mwenzako," alisema. "Ongea naye." Kisha akaketi palepale.

Libérate alijibu ndiyo na hapana. Alipoulizwa anasikia nini mwilini, alimtazama mumewe, akasema ni kuchoka tu. Daktari akamshauri apumzike, na asipopata nafuu akapimwe damu. Toussaint akarudi kazini akipiga mluzi.

Lakini nafuu haikuja. Asubuhi moja Libérate aliinua sufuria ya maharage, mikono ikamtetemeka, sufuria ikaanguka. Akaketi chini kwenye maharage. Toussaint alipomshika kumwinua, bangili za mke wake ziliteleza mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amekonda namna ile, na yeye hakuona.

"Juu ya nini haukuniambia minye?"

"Nilikuwa nimepata mtu wa kumwambia. Weye ukamukataza."

Toussaint alichukua simu, akamtafuta yule wa miwani. Alifikiri atajibiwa kwa ukali. Dokta Térence alimsalimu kwa Kiswahili kizuri, akaomba aonyeshwe shingo ya Libérate.

"Baba, imevimba hapa mbele. Mpeleke hospitali leo, wapime damu. Nadhani ni tezi ya shingo ndiyo inaukimbiza moyo."

Ikawa ni hiyo. Kwa vidonge, polepole, mikono ilitulia na Libérate akaanza kurudisha mwili.

Wivu wenyewe haukupona. Mpaka leo, siku ya dokta, Toussaint anazima mashine na kuja kuketi karibu na mkewe.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama nalala."

"Mwambie minye ndiye silali."

Libérate akafasiri. Dokta akacheka, Libérate naye akacheka. Toussaint hakucheka. Alivuta kiti chake mpaka mabega yao yakagusana, na sura yake pia ikaingia kwenye kioo.