Peremende za Susu

Juzi, kwenye duka la dawa pale Malili, mzee mmoja alipanguswa kidole kwa spiriti ili apimwe sukari. Harufu ile ilinirudisha Kwa Vonza, kwa nyanya yetu tuliyemwita Susu.

Kila siku kabla ya chakula, Susu alimwita dada yangu Mwende chumbani, wakafunga mlango. Mwende alitoka akinukia spiriti, kimya, kama mtu aliyeambiwa siri. Mimi sikuitwa hata mara moja. Sikujua alikuwa akimdunga Susu sindano ya kisukari. Nilichojua ni kwamba chini ya mto kulikuwa na peremende, na niliamini kabisa ni za Mwende. Wivu ulinikaba.

Alasiri moja, Susu akiwa uani anachambua ndengu, niliingia nikazila zote.

Niliporudi nje, alikuwa anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayatoki. Mwende alikimbilia chumbani, akarudi mikono mitupu.

"Nani amechukua peremende? Sukari ya Susu imeshuka!"

Nilidhani anazungumzia bei ya sukari dukani. Mwende alikoroga sukari kwenye maji, akamnywesha kidogo kidogo mpaka macho yakatulia. Susu akaangalia midomo yangu iliyojaa rangi nyekundu.

"Nilizimaliza mwenyewe, Mwende," akasema. "Nilisahau kukuambia."

Leo najua alinisitiri. Siku ile niliona jambo moja tu: alipotaka kuinuka, alimnyooshea Mwende mkono, ingawa Mwende alikuwa ameondoka kurudisha kikombe na mimi ndiye niliyekuwa karibu.