Rilei Iliyokataa Saa ya Joto

Nikikumbuka mchana ule wa Garissa, mwanangu, hata leo huiweka bisibisi chini. Nilikuwa kijana, fundi wa umeme niliyetoka Meru kutafuta kazi, na niliamini kwamba kifaa kikifanya kazi mbele yangu, basi kimepona.

Kulikuwa na mama mzee, mzaliwa wa Habaswein, ambaye wote nyumbani kwake walimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Kiharusi kilikuwa kimemlaza. Hakuweza kuinua mkono hata kufukuza nzi. Mwanawe aliyekuwa ng'ambo alimwekea mitambo ya kisasa: vihisi vidogo ukutani vya kupima joto la vyumba, na rilei, zile swichi zinazojiwasha na kujizima bila mkono wa mtu. Joto likipanda, kihisi kinatuma habari, rilei inalia "tik", feni inazunguka juu ya kitanda. Nia yake ilikuwa njema. Sahra, mjukuu wa Ayeeyo, alikuwa mwalimu, na sasa angeweza kwenda kufundisha bila wasiwasi.

Lakini siku nyingine feni iliwaka, siku nyingine ilikataa. Jirani aliyekuja kumnywesha maji hakuweza kufanya lolote, maana walioweka mitambo walikuwa wameing'oa swichi ya ukutani. Sahra alikuwa akirudi anamkuta Ayeeyo amelowa jasho, midomo imekauka, feni imesimama.

Niliitwa. Nilikwenda asubuhi, kama tulivyozoea mafundi wote wa mji ule, kabla jua halijawa kali. Nikajaribu, ikawaka. Nikazima, nikawasha, ikawaka. Nikaweka rilei mpya. Safari nyingine nikabadilisha kihisi. Kila mara nilisema, "Sasa iko sawa," na kila mara Sahra alinipigia simu. Mwishowe hakupiga tena. Alikuwa ameacha kazi, ameketi kando ya kitanda na pepeo mkononi.

Nilipopita kuwajulia hali, Ayeeyo alinigeuzia macho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na ugonjwa ulikuwa umemfanya mzito wa kusema.

"Fundi," akasema, "wewe iko kuja asubuhi. Mimi nakufa mchana."

Sahra akageuza uso. Siku ile sikuondoka. Nilikaa kwenye mkeka mpaka chumba kikawa kama tanuri. Adhuhuri ilipopita, kihisi kilituma habari vizuri, lakini "tik" haikuja. Nikatoka nje, nikagusa boksi la chuma lenye rilei, lililofungwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Liliniunguza kidole. Ndani yake taa ya rilei ilikuwa ikiwaka kwa unyonge. Nikapima umeme: ulikuwa unafika hafifu, kwa sababu waya kutoka kwenye adapta iliyoilisha rilei ulikuwa mwembamba na mrefu mno. Asubuhi, kukiwa na ubaridi, nguvu ile kidogo iliitosha rilei. Koili yake, ule waya uliozungushwa ndani yake, ikishapata moto ilihitaji nguvu zaidi ya kuvuta swichi, na nguvu hiyo haikuwepo. Ilikataa saa ileile aliyoihitaji mama wa watu.

Nikahamishia boksi ndani, nikavuta waya mnene. Kesho yake mchana nikarudi kutazama. "Tik." Feni ikazunguka. Nikamwambia Sahra, "Sasa unaweza kurudi shuleni."

"Nafasi yangu amepewa mtu mwingine," akasema. Kisha akaniuliza polepole, "Na hata ingekuwepo, aboowe, kaka yangu, nani ataniambia haitakataa tena? Wewe?"

Feni ilizunguka juu yetu, naye akaendelea kupepea kwa mkono. Alipepea hivyo hadi Ayeeyo alipofariki, kabla mvua hazijanyesha. Sijui kama joto lile ndilo lililommaliza. Nimejiuliza miaka yote hii, na sina wa kumuuliza.

Basi wewe unayeanza kazi hii, nisikilize. Ukiambiwa kitu kinakataa, uliza kinakataa saa ngapi, uende saa hiyohiyo ukae hapo na wanaoteseka, jasho likutoke kama wao. Usibadilishe vipuri ili tu uonekane unafanya kazi. Usiseme kimepona kabla hujajua kilichokuwa kinakisumbua. Na swichi ya mkono, mwanangu, usiing'oe kamwe kwenye ukuta wa mgonjwa. Ukifanya yote haya, bado zipo nyumba utakazofika umechelewa. Hizo zitakukosesha usingizi, na dawa ya hilo mimi sijaipata.

Mungu akupe sikio la kumsikia mtu kabla hajakata tamaa ya kukuita, na akufikishe kwake mapema kuliko nilivyofika mimi.